Kulala msituni na kupanda milima Udzungwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mtu akisikia "hifadhi ya taifa" hufikiria gari lililofunguliwa paa na simba kivulini. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa haiendi hivyo. Ndani yake hakuna barabara ya kutembeza wageni, kwa hiyo kila utakachokiona utakifikia kwa miguu. Ndiyo maana maswali ya wanaotaka kwenda yanafanana: viatu, mvua, tembo, choo, malipo. Yamekusanywa hapa, kuanzia ya mwanzo kabisa hadi yale yanayoulizwa na wachache.

## Mambo ya mwanzo

Udzungwa iko wapi, na kwa nini inasifiwa hivyo?

Iko kusini-kati mwa Tanzania, kati ya mikoa ya Morogoro na Iringa. Ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Makao makuu yake yako Mang'ula, upande wa bonde la Kilombero. Udzungwa ndiyo mwisho wa kusini wa Milima ya Tao la Mashariki, safu inayoanzia Taita, Kenya, na kupita Pare, Usambara, Uluguru na mingineyo.

Sifa yake kubwa ni msitu. Kwenye mteremko wa mashariki msitu unapanda bila kukatika kutoka chini, karibu na mita 250 juu ya usawa wa bahari, hadi zaidi ya mita 2,000. Sehemu nyingi za Afrika Mashariki ule msitu wa chini ulishageuka mashamba, ukabaki wa kileleni tu. Hapa unaweza kuanza asubuhi kwenye joto la bondeni na kulala kwenye ukungu bila kutoka chini ya miti. Kwa maoni yangu hilo pekee linatosha kumvuta mtu, hata asipoona mnyama hata mmoja.

Nitaona simba, twiga na pundamilia?

Kama hao ndio unaowataka, nenda Mikumi, ambako utapita njiani hata hivyo. Wanyama wakubwa wa Udzungwa ni tembo, nyati na chui, na msitu unawaficha vizuri. Mara nyingi utaona kinyesi, nyayo na matawi yaliyovunjwa kabla ya kumwona mwenyewe.

Wanaoonekana kwa urahisi ni jamii ya nyani na kima. Mbega mwekundu wa Udzungwa na mangabey (aina ya kima) wa Sanje hawapatikani popote duniani isipokuwa eneo hili. Mangabey wa Sanje alijulikana kwa wanasayansi mwaka 1979 tu, karibu kabisa na kijiji cha Sanje. Mwaka 1991 akapatikana kwale wa Udzungwa, mwaka 2005 akatangazwa kima aitwaye kipunji, na mwaka 2008 sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mkubwa mwenye uso wa kijivu. Msitu unaoendelea kutoa wanyama wapya katika umri wetu ni wa kuutembea polepole, macho juu.

Nafikaje huko kwa usafiri wa kawaida?

Kutoka Dar es Salaam panda basi la Ifakara. Linapita Morogoro, linakatiza Hifadhi ya Mikumi, kisha Mikumi mjini linaacha barabara ya Iringa na kushika ya Kidatu. Ukishavuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu, mashamba ya miwa yanaanza na ukuta wa milima unakaa kulia kwako. Mwambie kondakta unashuka Mang'ula. Ukitoka Mikumi mjini ni kama kilomita 60.

Chukulia kuwa ni safari ya siku nzima, lala Mang'ula, uanze kutembea kesho yake. Kushuka kwenye basi mchana na kuingia msituni saa hiyo hiyo ni kutafuta giza (sababu iko kwenye swali la saa za kutembea).

Reli ya TAZARA nayo inapita bonde hilo na ina kituo Mang'ula. Ni safari nzuri kwa asiye na haraka, ila ulizia ratiba stesheni kabla ya kupanga siku zako.

Miezi gani ni mizuri?

Juni hadi Oktoba. Njia ni kavu kiasi na vijito vinavukika. Novemba na Desemba kuna vuli, Januari na Februari huwa na nafuu, na kuanzia Machi hadi Mei ni masika.

Usitafsiri "kiangazi" kuwa hakuna mvua. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi unagonga mteremko wa mashariki, unapanda, unapoa na kuangusha maji. Ndiyo sababu msitu upo. Koti la mvua linabebwa hata Agosti. Upande wa magharibi, kuelekea Iringa, ni mkavu zaidi.

Masika yana uzuri wake: maporomoko yanajaa na msitu unang'aa. Mtu wa safari ya siku moja anaweza kwenda. Kwa safari ya kulala juu sishauri. Utelezi wa kushuka na mzigo mgongoni unavunja watu.

Lazima niwe mzoefu wa milima?

Hapana, mradi uchague njia inayokufaa. Kipimo rahisi: kama unaweza kupanda na kushuka mlima wowote wa karibu nawe kwa saa nne ukiwa na begi la kilo tano, na kesho yake ukatembea kawaida, njia ya maporomoko ya Sanje unaiweza. Njia ya kilele cha Mwanihana inahitaji mazoezi ya wiki kadhaa, hasa ya kushuka. Mapafu huzoea haraka kuliko magoti.

## Njia za kutembea

Kuna njia zipi, na nianze na ipi?

Fupi kuliko zote ni ile ya maporomoko ya Prince Bernhard, karibu na makao makuu. Inabeba jina la Mwanamfalme Bernhard wa Uholanzi aliyezindua hifadhi mwaka 1992. Inamfaa aliyefika amechoka na anataka kunyoosha miguu. Njia ya Sonjo nayo ni ya saa chache. Sanje ni ya nusu siku na ndiyo inayojulikana zaidi. Mwanihana ni ya siku tatu na usiku mbili, kama kilomita 38 kwenda na kurudi. Lumemo ni ndefu zaidi na huchukua takriban siku tano. Luhombero ina swali lake hapa chini.

Ukiwa na siku mbili, fanya Sanje. Ukiwa na tano, fanya Sanje kwanza kama kipimo cha mwili na viatu, pumzika, kisha Mwanihana. Kuna wanaoruka Sanje kwa sababu "ni ya watalii". Wanakosa mahali pazuri kuliko pote katika hifadhi.

Sanje inachosha kiasi gani?

Maporomoko ya Sanje yanaanguka kama mita 170 kwa hatua tatu. Njia inaanzia kijiji cha Sanje, kilomita chache kaskazini mwa Mang'ula, kwa hiyo panga usafiri wa kukupeleka na kukurudisha. Mzunguko wote ni kama saa nne. Weka sita ili uoge na ukae.

Ugumu uko kwenye mwinuko. Njia inapanda moja kwa moja, na sehemu nyingine mizizi ndiyo ngazi. Mikono iwe huru: maji yakae begini, simu mfukoni. Ukifika kwenye bwawa la chini ya maporomoko, mvuke wa maji unakulowesha kabla hujavua viatu. Wengi wanaishia hapo kwa furaha. Jikaze uendelee hadi juu, kwa sababu kule msitu unafunguka ghafla na bonde lote la Kilombero linaonekana, miwa upande mmoja na mpunga kwa mbali.

Maporomoko yanatazama mashariki, kwa hiyo jua la asubuhi linayapiga usoni. Mwenye kamera aanze kutembea saa moja asubuhi.

Siku tatu za Mwanihana zinakwendaje?

Kilele kina urefu wa takriban mita 2,150, nawe unaanzia bondeni kwenye mita mia tatu hivi. Hiyo ni karibu mita 1,850 za kupanda. Siku ya kwanza ni ya kupanda kwa jasho hadi kambini. Siku ya pili unapanda kileleni na kurudi kambini, na siku ya tatu ni kushuka.

Siku ya kwanza ndiyo inayodanganya. Kwenye msitu wa chini joto na unyevu vinakaa pamoja, jasho halikauki, na mtu hunywa maji yote kabla ya adhuhuri. Tembea kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Ukishindwa kumaliza sentensi, umezidisha. Ukizidi kupanda miti inakuwa mifupi, kuvu na ndevu za mti zinafunika matawi, kisha karibu na kilele unatokea kwenye nyasi. Huko juu kinyesi cha tembo na nyati ni jambo la kawaida. Watu hushangaa mnyama mzito namna ile amepitaje, na jibu ni kwamba njia nyingi unazozipita yeye ndiye aliyezifungua.

Siku ya kushuka isidharauliwe. Kata kucha za miguuni siku mbili kabla ya safari. Kucha ndefu ikigonga ncha ya kiatu kwa saa tano za mteremko, hung'oka.

Na Luhombero?

Ndicho kilele cha juu kuliko vyote Udzungwa, zaidi ya mita 2,500. Kinaendewa kutokea upande wa Iringa, kupitia Udekwa wilayani Kilolo, na huchukua siku tano hadi sita. Ni safari ya mbali na watu: hakuna duka, hakuna bodaboda ya kukuokoa. Zungumza na hifadhi wiki kadhaa kabla, kwa sababu askari, wapagazi na usafiri wa kufika mwanzo wa njia vyote vinahitaji mpango. Aliyewahi kufanya Mwanihana bila kuteseka ndiye afikirie Luhombero.

Naweza kwenda peke yangu, bila mwongozaji?

Milimani, hapana. Unakwenda na mwongoza wageni, na njia ndefu zinahitaji pia askari wa uhifadhi mwenye silaha. Wapo wanaoona hii ni njia ya kuongeza gharama. Tembea naye saa moja utaona kazi yake. Yeye husimama kabla wewe hujasikia kitu, na anajua kijito kipi kikijaa hakivukiki. Pia anatambua tofauti ya tawi lililovunjwa na upepo na lililovunjwa na tembo dakika kumi zilizopita.

Msafiri wa peke yake anakubaliwa, ila gharama ya mwongozaji na askari hulipwa kwa kundi. Subiri Mang'ula siku moja, huenda ukapata wa kugawana nao.

Kwa nini tunaambiwa tuanze mapema na kumaliza mapema?

Milima iko magharibi ya Mang'ula. Jua linaingia nyuma ya ukuta ule mapema kuliko unavyotarajia, na chini ya miti mikubwa saa kumi na moja jioni ni giza la saa moja. Panga uwe umefika kambini saa kumi, hema lisimame na jiko liwake ukiwa bado unaona unapokanyaga. Kutembea usiku ndani ya hifadhi hakuruhusiwi, na tembo nao hutumia njia hizo hizo jioni.

## Vibali, malipo na watu wa kukusaidia

Nalipaje, na bei ni zipi?

Malipo ni ya TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa Tanzania), na langoni hayapokelewi taslimu. Unatengenezewa kumbukumbu namba, unalipa kwa simu, benki au kadi, kisha unapewa kibali. Fanya hivyo Mang'ula mtandao ukiwepo. Raia wa Tanzania na wa Afrika Mashariki hulipa kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni kutoka nje, ambao viwango vyao viko kwa dola. Beba kitambulisho cha taifa au pasipoti. Bila uthibitisho wa uraia utatozwa kama mgeni.

Viwango hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo soma orodha ya TANAPA ya mwaka wa fedha unaosafiri. Bei uliyoambiwa na rafiki aliyekwenda mwaka juzi haifai kupangia bajeti.

Siku zinahesabiwaje kwa safari ya kulala?

Kiingilio ni cha saa 24, na ada ya kambi ni ya kila usiku. Mwanihana ya siku tatu ina maana ya kulipia siku zote za kuwa ndani, usiku wa kambi, mwongozaji na askari. Andika vyote kwenye karatasi kabla ya kulipa. Malalamiko mengi langoni yanatokana na mtu aliyedhani kiingilio kimoja kinabeba kila kitu.

Nihitaji wapagazi? Na bakshishi je?

Kwa safari ya kulala, mpagazi ni msaada mkubwa na ni kipato kwa kijiji kinachopakana na hifadhi. Kubalianeni ujira, uzito na nani analeta chakula kabla ya kuondoka, mbele ya mwongozaji. Hakikisha ana koti la mvua na mahali pa kulala pakavu. Usilale ndani ya hema zuri huku aliyebeba hema hilo ananyeshewa.

Bakshishi si lazima. Ukitoa, mpe kila mmoja mkononi mwake mwisho wa safari.

## Vifaa, chakula na maji

Viatu gani?

Viatu vyenye soli ya meno makali ambavyo umeshavivaa angalau wiki mbili. Buti mpya la bei kubwa siku ya kwanza linaleta malengelenge kwa hakika. Raba yenye meno mazuri inatosha Sanje. Kwa Mwanihana chagua kiatu kinachoshika kifundo cha mguu, na ubebe sendo za kuvaa kambini na kuvukia vijito.

Soksi ni muhimu kama kiatu. Beba jozi tatu, moja isiguswe kabisa hadi usiku. Ukihisi joto mahali pamoja kisiginoni, simama hapo hapo ubandike plasta. Usisubiri mapumziko.

Nguo je? Si ni nchi ya joto?

Bondeni, ndiyo. Lakini joto hupungua kama nyuzi sita kwa kila mita 1,000 unazopanda. Mang'ula ikiwa nyuzi 28, kilele cha Mwanihana kiko karibu na 17 mchana, na usiku pamoja na ukungu na upepo unatetemeka. Hatari hasa ni nguo za pamba zilizolowa jasho: zinakauka polepole na kukunyonya joto. Tembea na fulana nyepesi ya michezo na suruali ndefu nyepesi inayozuia kupe, miiba na upupu. Ukifika kambini, kabla ya kukaa, badili nguo zote. Seti ya usiku (sweta zito, kofia, suruali kavu, ile jozi ya soksi) ikae kwenye mfuko usiopitisha maji na isitoke kabla ya hema kusimama.

Asubuhi utavaa tena zile zilizolowa. Ni dakika tano mbaya, lakini zinakuhakikishia usiku mkavu.

Hema la kawaida linatosha?

Linatosha likiwa na kifuniko cha juu cha mvua kinachofika chini na sakafu isiyovuja. Lisimamishe nyumbani kwanza, ulimwagie maji ndoo mbili, uone. Kambini chagua pa juu kidogo kuliko njia ya maji, tazama juu kama kuna tawi kavu, na lala kichwa upande ulioinuka. Acha kifuniko kisiguse hema la ndani. Pakigusana maji yanapenya.

Napika nini, na kwa moto gani?

Beba jiko dogo la gesi. Usikate wala kuokota kuni hifadhini bila kuelekezwa na askari. Msitu huu unalindwa hadi tawi lililoanguka, kwa kuwa nalo ni makazi.

Chakula kinapatikana sokoni Mang'ula. Usiku wa kwanza beba kilichopikwa tayari: viazi vitamu vya kuchemsha, chapati, mayai. Utakuwa umechoka kupika. Kwa siku zinazofuata, mchele wa Kilombero (uko nyumbani kwake), dagaa wakavu, karanga za kusaga, vitunguu, na unga wa uji wa asubuhi. Maharage mabichi yaache, yatamaliza gesi yote. Takataka zote zinarudi nawe. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, basi beba mifuko ya kitambaa.

Maji ya vijito yananyweka?

Ni mazuri kuyatazama, lakini yatibu. Juu yako kuna nyani, nyati na tembo. Chemsha yatokote kwa dakika moja, au dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Ukitumia vidonge vya klorini, subiri nusu saa. Maji yenye tope yachuje kwa kitambaa kwanza. Anza kila siku na lita mbili hadi tatu, na muulize mwongozaji maji yanayofuata yako umbali gani. Kadiri unavyokaribia matuta ya juu, vijito vinapungua.

## Usiku kambini

Wanyama watakuja kwenye hema?

Watapita karibu. Wanachokifuata ni harufu, kwa hiyo chakula chochote, hata ndizi moja, kisilale nawe ndani ya hema. Kikabidhi kwa askari kihifadhiwe pamoja. Nyani wa asubuhi ni wezi wenye ujuzi wa zipu. Ukitaka kutoka usiku, washa tochi, zungusha mwanga ukiwa bado mlangoni, ita mwenzako. Usiende mbali.

Siafu je?

Hao wanasumbua watu wengi kuliko tembo. Funga zipu muda wote, na kabla ya kulala zunguka hema na tochi utazame ardhi. Ukiona mstari wao, sogeza hema wakati bado wanapita; wakishaingia hakuna mazungumzo. Viatu vikae ndani, vimegeuzwa juu chini.

Choo kikoje?

Karibu na makao makuu kuna vyoo. Milimani, chimba shimo la kina cha sentimita 15 hadi 20, hatua mia moja kutoka kijito, njia na kambi, kisha fukia. Karatasi na taulo za kike zirudi nawe ndani ya mfuko uliofungwa. Vijito hivi vinashuka hadi vijijini, na kuna anayeteka maji huko chini.

## Usalama na afya

Nikikutana na tembo nifanye nini?

Fanya anachosema askari, kimya, bila kuuliza kwanza. Kwa kawaida ni kusimama, kisha kurudi nyuma polepole kwa njia mliyojia, mkikaa mahali upepo hautoi harufu yenu kwake. Hakuna kupiga kelele, hakuna picha yenye mwanga. Ukitembea, usiweke vipokea sauti masikioni: sauti ya tawi kuvunjika na ya tumbo kunguruma ndiyo onyo lako la kwanza.

Tembo hawa hawakai mlimani tu. Kuna ushoroba wao unaokatiza bonde la Kilombero kuelekea Hifadhi ya Nyerere, uliobanwa na mashamba na barabara, na juhudi za kuufungua zinaendelea. Ukisikia mwenyeji wa Mang'ula akilalamika kuhusu tembo, msikilize. Shamba lake ndilo linaloliwa.

Na nyoka?

Wapo, akiwemo kifutu, ambaye hakimbii ukimkaribia. Tazama unapokanyaga na usishike gogo usiloliona upande wa pili. Mtu akiumwa: atulie, avue pete na saa, kiungo kisichezeshwe, abebwe hospitali. Msikate jeraha, msinyonye, msifunge kamba ya kubana damu. Hospitali kubwa ya eneo hilo ni ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara.

Malaria?

Bonde la Kilombero lina mbu wa kutosha. Chandarua Mang'ula, dawa ya kujipaka jioni, na kama unatoka mahali pasipo na malaria, ongea na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari. Homa yoyote ndani ya wiki chache baada ya kurudi, kapime.

Nitapata ugonjwa wa mwinuko kama wa Kilimanjaro?

Kwa Mwanihana, hapana, kwa kawaida huanza juu ya mita 2,500. Ukiumwa kichwa huku, shuku kwanza maji machache. Pia tazama swali la nguo: baridi ya kulowa ndiyo adui wa kweli.

Kuna mtandao wa simu?

Bondeni upo. Ndani ya msitu unapotea kwa saa nyingi, na huonekana hapa na pale matutani. Waachie jamaa zako ratiba: njia, kambi, siku ya kushuka. Zima simu ili betri ibaki. Mawasiliano ya dharura yanapitia kwa askari.

## Mambo yasiyotokea kila mara

Naweza kuja na watoto?

Njia fupi, ndiyo, na Sanje kwa mtoto aliyezoea kutembea na anayesikia neno "simama" mara moja. Hiyo sifa ya pili ni muhimu kuliko umri. Safari ya kulala juu iache hadi awe anabeba begi lake mwenyewe.

Nina mafua. Niahirishe?

Kama unakwenda kuwafuata mangabey au mbega, ahirisha. Magonjwa yetu ya kifua huwapata jamaa hawa, na spishi iliyobaki kwenye misitu michache haiwezi kubeba mlipuko. Hata ukiwa mzima, kaa angalau mita kumi na usiwape chakula kamwe.

Kijito kimejaa na tunatakiwa kurudi leo. Tuvuke?

Maji yakifika juu ya goti na yanakwenda kasi, msivuke. Vijito vya mlimani hujaa haraka na kupungua haraka. Mvua ikikatika, saa chache zinaweza kubadilisha kila kitu. Hii ndiyo sababu ya kubeba chakula cha siku moja ya ziada. Mkivuka maji ya chini, fungueni mikanda ya mabegi kwanza, ili anayeanguka aliachie begi.

Naruhusiwa droni, au kukusanya mimea kwa utafiti wangu wa chuo?

Droni haiingii bila vibali vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga na TANAPA. Utafiti unapitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na huchukua muda, basi omba miezi kabla. Mgeni wa kawaida haondoki na jani, jiwe wala konokono.

Mmoja wetu ameshindwa kuendelea katikati ya njia. Inakuwaje?

Kundi halitawanyiki ovyo. Mwongozaji na askari ndio wanaoamua nani anashuka na nani, na mara nyingi kama ni askari mmoja, wote mnashuka. Kubalianeni hili Mang'ula kabla ya hatua ya kwanza, mbele ya kila mtu, ili atakayechoka aseme mapema bila aibu. Anayeficha maumivu ya goti hadi kambini huwa anabebwa siku inayofuata, na kubebwa kwenye mteremko wa Mwanihana ni kazi ya watu wanane wanaopokezana.